Modeli ya meli imeharibika: soma dalili kwanza, usikimbilie msasa

Rangi inabanduka leo lakini kosa ulilifanya wiki tatu zilizopita, siku ile uliyoona uvivu kuosha bodi (mwili wa meli) kwa sabuni. Uzi umelegea mwezi wa saba lakini shida ilianza mwezi wa nne ulipoufunga katikati ya masika. Ndo maana mtu anapiga msasa na kupaka upya mara tatu mara nne na tatizo linarudi palepale, anatibu panapouma tu. Mi mwenyewe nimeufanya huo ujinga miaka kadhaa kabla sijashtuka, na kingine nilichokuja kushtuka nacho ni kwamba maelekezo mengi yanayokuja ndani ya boksi yameandikwa na watu wa nchi za baridi, chumba kikavu, hita inawaka. Mtu wa Dar au Mombasa ukimwambia aache gundi ikauke saa 24 bila kumuuliza sasa hivi ni mwezi gani hujamwambia kitu.

Mifano ntakayotumia ni meli ambazo nimezijenga au nimeletewa zikiwa hoi, na zote zina historia huku kwetu. Königsberg, manowari ya Kijerumani ambayo watu wa pwani waliiita manowari ya bomba tatu kwa sababu ya dohani zake tatu. Liemba ya Ziwa Tanganyika. Severn na Mersey za Waingereza zilizoingia Rufiji mwaka 1915 kuimaliza hiyo Königsberg. Halafu jahazi, jahazi la mizigo la kawaida kabisa, ambalo kwa maoni yangu ndo gumu kuliko yote hapo na watu wanalidharau.

BODI IMEPINDA

Ilaze juu ya kioo, sio juu ya meza, meza nyingi za nyumbani zenyewe zimepinda. Kipande cha kioo cha dirisha unapata kwa fundi vioo kwa bei ya chai, mwambie akupigie msasa kwenye kingo usije ukajikata. Kaa nyuma ya meli, funga jicho moja, tazama kutoka tezi (nyuma) kwenda omo (mbele). Unatafuta vitu viwili tofauti: je imekunjika juu kama ndizi, au imejinyonga, yaani omo inatazama kulia kidogo na tezi inatazama kushoto? Hivi vitu havina dawa moja.

Kama ni ya mbao na imejinyonga, nakuuliza swali moja tu, mbao ulizivalisha vipi? Kama ulimaliza upande wa kushoto wote ndo ukaanza kulia, basi jibu hilo. Gundi nyeupe ya mbao ina maji, ubao ukipata maji unavimba, ukikauka unasinyaa na unavuta, sasa kushoto una mbao nane zinavuta na kulia hakuna wa kuvuta, lazima bodi iende kushoto. Moja kushoto moja kulia, hakuna njia nyingine, hata kama unaona inakuchelewesha. Ikiwa imeshajinyonga lakini sitaha bado hujafunga una nafasi: lowesha mbao kwa ndani na maji ya vuguvugu, ibane kwenye ubao mnene huku umeinyonga kidogo kupita upande wa pili, iache siku nne tano kwenye hewa inayopita (jua kali usithubutu). Ukishafunga sitaha, hapo pole, utaitazama hivyo hivyo.

Kama imekunjika kama ndizi kosa ni la plaiwudi ya mkuku (uti wa mgongo wa meli, chini kabisa) na lilikuwepo kabla hujagusa gundi. Mi nilinunua seti moja, mkuku umepinda kama milimita 4, nikajiambia utanyooka nikishaweka mataruma (mbavu za meli). Haukunyooka, na mataruma yakafuata mkuku, na mbao zikafuata mataruma, na nikapata meli inayotabasamu. Kagua mkuku juu ya kioo siku unafungua boksi. Umepinda, usiutumie, chora mwingine kwenye plaiwudi iliyonyooka ukate, ni kazi ya saa moja.

Bodi za resini ni habari nyingine. Königsberg halisi ilikuwa na urefu wa mita 115.3, kwenye skeli ya 1/350, yaani imepunguzwa mara 350, inakuja karibu sentimita 33, kipande kirefu chembamba ambacho kimesafiri kwenye kontena lenye joto, kupinda sio ajabu. Dawa ni maji ya moto, ya moto kiasi kwamba kidole hakivumilii lakini hayajachemka, zamisha dakika mbili tatu, toa, ilaze juu ya kioo na vitabu juu yake mpaka ipoe kabisa. Mimi kwa ujuaji niliwahi kuiweka juu ya bati la gari mwezi wa kwanza jua la saa nane, nikidhani joto ni joto. Niliporudi ilikuwa imelegea kama mchicha wa jana, ikabidi maji ya moto tena mara mbili kurudisha.

Halafu kuna hizi za resini zinazoprintiwa kwa printa ya 3D siku hizi. Dalili yake: bodi inanatanata hata baada ya mwezi, au wiki kadhaa baada ya kupaka rangi unaona ufa unatembea wenyewe na kitu kama mafuta kinatoka humo. Hiyo ni resini mbichi iliyofungiwa ndani, aliyeprinti alifanya bodi iwe na uwazi ndani lakini hakuacha matundu ya kutolea. Toboa matundu mawili chini, moja mbele moja nyuma, vaa glovu, mimina kila kitu nje, suuza na spiriti mpaka itoke safi, kisha anika juani huku unageuza mwanga uingie kwa ndani. Usipake rangi juu ya ufa kabla ya kufanya hivyo, ntakuona umerudi.

MBAO ZINAPANDANA KWENYE OMO

Hili nilipata somo Tanga. Nilimpelekea fundi mmoja wa majahazi, mzee wa makamo, jahazi langu la urefu wa mkono, najisifu kimoyomoyo. Kalishika, kalizungusha mara moja, kapitisha kidole gumba kwenye omo pale mbao zilipopandana kama magamba ya samaki.

"Mwanangu, huyu umemvalisha shati la baba yake."

"Kivipi mzee?"

"Katikati linamtosha. Huku kifuani limemzidi, ndo umekunja kunja."

Na ndo hivyo hasa. Ukipima mzunguko kutoka mkuku mpaka ukingo wa juu, katikati ya meli ni mrefu, ukienda omo unapungua, lakini mbao ulizokatiwa dukani zina upana uleule mwanzo mpaka mwisho. Chukua ukanda wa karatasi, uzungushe kwenye taruma la katikati, pima. Tuseme umepata milimita 90 na unataka mbao 18, kila moja ni milimita 5. Peleka karatasi kwenye taruma la mwisho la mbele, tuseme ni milimita 54, gawa kwa zilezile 18, unapata 3. Basi kila ubao uanze na 5 katikati uishie na 3 mbele, unauchonga kwa kisu na rula ya chuma kabla hujaugusisha gundi. Fanya hivyo hivyo kwa kila taruma weka alama ya penseli. Upana ukitaka kushuka chini ya nusu usiendelee kuchonga, ubao utakuwa mwembamba hauna pa kushika gundi, hapo unakatisha mmoja na wa jirani unachukua nafasi yake. Kwenye tezi mara nyingi ni kinyume, kuna nafasi ya ziada na unaongeza kipande chenye umbo la kabari.

Aliyeshapandanisha tayari: msasa hautoshi, utatoboa. Jaza mabonde kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, kausha, piga msasa mrefu uliobandikwa kwenye ubao sio wa kushika mkononi, halafu paka rangi. Ulitaka mbao zionekane? Jenga lingine.

UKUNGU MWEUPE KWENYE VIOO NA SEHEMU NYEUSI

Supaglu hiyo. Inakauka kwa kutumia unyevu wa hewani, na mvuke wake ukikutana na unyevu mwingi unaganda na kutua pembeni kama unga, unauona zaidi kwenye madirisha ya plastiki na rangi nyeusi. Huku pwani unyevu ndo kwao. Tumia kidogo sana, unachovya ncha ya pini sio unakamua chupa, fungua feni pole pole ipeperushe mvuke usitue, na kwenye madirisha usitumie supaglu kabisa, gundi nyeupe inatosha. Ukungu ulioshatua futa na pamba yenye tone la mafuta laini kisha uoshe, au vanishi juu yake mara nyingi inauficha.

Kama supaglu yako inaganda kabla hujaweka kitu sawa au chupa inakufa baada ya wiki mbili, iweke kwenye kopo la mfuniko pamoja na vile vifuko vya silika vya kwenye viatu vipya, halafu kwenye friji. Ila ukiitoa usiifungue ikiwa ya baridi. Iache ipate joto la chumba kwanza, la sivyo unyevu unatonya ndani na umeiua mwenyewe.

RELI ZA SHABA ZINADONDOKA, MIZINGA INAONEKANA KAMA MIHOGO

Reli zinazodondoka ni mafuta ya vidole na shaba ngumu. Ngumu maana yake inataka kurudi ilivyokuwa, unaikunja kufuata ukingo wa sitaha yenyewe kila dakika inasukuma kutoka. Ipitishe kwenye moto wa mshumaa mpaka ibadilike rangi, iache ipoe, itakuwa laini kama karatasi ya sigara, ioshe na siki, ipraimie (rangi ya chini ya kushikia rangi nyingine), ndo ubandike. Reli ya urefu wa mita moja kwenye 1/350 ni milimita 2.9, ukiona ya kwenye seti yako inafika kiunoni kwa dohani ujue ni ya skeli nyingine.

Mizinga: ile ya Königsberg ilikuwa kumi, ya sentimita 10.5, mtutu wa karibu mita 4.2, yaani milimita 12 kwenye skeli hii. Ya plastiki inakuja minene kupita kiasi. Kata sindano ya hospitali ya milimita 0.5, mpya ambayo haijatumika tafadhali, na tundu lake lipo tayari. Kama uko Mombasa nenda nje ya Fort Jesus, mmoja wa mizinga yenyewe umesimama pale, uzunguke, upige picha kila upande, utajua ni kipi kwenye seti yako ni cha kubuni.

RANGI

Hapa ndo kwenye kilio. Kabla hujanieleza umetumia rangi gani pitisha kidole juu yake ikiwa kavu, halafu itazame kwa pembeni dhidi ya taa.

Inakwaruza kama msasa mzuri, haina mng'ao, ni kama vumbi limeshikamana. Hiyo rangi ilikauka hewani kabla haijafika. Umeshika ea-brashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa) mbali, au presha kubwa, au feni ya dari inazunguka juu yako na joto ni digrii 32. Sogea karibu, sentimita kumi hivi, ongeza thina kidogo, zima feni. Ukishapata hiyo hali usipake juu yake, futa kwa msasa laini wa maji kwanza.

Ni laini lakini imefifia, kama maziwa yamemwagika kwenye rangi nyeusi au vanishi. Unyevu. Thina ya laka inakauka haraka na ikikauka inapoza uso wa modeli, na hewa yetu ikikutana na kitu baridi inaacha maji, kama chupa ya soda inavyolowa jasho mezani, maji hayo yananaswa ndani ya rangi. Watu wanaojenga baada ya kazi wanapulizia usiku au alfajiri na kulipopambazuka wanashangaa, alfajiri ndo unyevu unakuwa juu kuliko saa zote. Mi napulizia saa saba mpaka saa kumi mchana siku isiyo na mvua, nina kipima unyevu kidogo cha ukutani na kikisoma zaidi ya asilimia 80 nafunga kila kitu nafanya kazi ya kukata. Kuna thina inayochelewa kukauka, ukiichanganya inasaidia sana. Na habari njema, maziwa hayo yakiwa ni ya vanishi tu mara nyingi yanaondoka ukipulizia thina tupu, kwa mbali na kwa wepesi, siku kavu.

Ina vijishimo vya duara, kama rangi inakimbia kitu. Mafuta. Na hapa nitawataja wahusika: mafuta ya nywele, mafuta ya nazi mikononi baada ya kula, na ile dawa ya kung'arisha dashbodi ambayo jirani anapuliza huko nje na wewe unapaka rangi dirisha liko wazi. Dondosha tone la maji kwenye bodi kabla ya kupaka, likitandaa pako safi, likijikusanya kama shanga huenda kuna mafuta. Sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, suuza, usiguse tena na mkono mtupu.

Inatema matone katikati ya mpulizo, ilikuwa inaenda vizuri dakika kumi halafu pu, tone. Maji kwenye mpira. Kompresa inakamua hewa, hewa inapata moto, ikipita kwenye mpira inapoa na maji yanajitenga. Watu wanaweka mtego wa maji pale kwenye kompresa ambapo hewa bado ya moto, mvuke unapita tu kama abiria, maji yanatokea mbele. Uweke karibu na mkono wako. Na lile tangi ulifungue chini kila ukimaliza kazi, la kwangu mwezi wa nne linatoa maji ya kunawa mikono.

Inabanduka na tepu unapovuta mstari wa maji. Hii sio rangi, ni chini ya rangi. Bodi za resini na plastiki zinatoka kiwandani na mafuta ya kutolea kwenye umbo, hukuosha, hukupraimia, tepu imekuja kuchukua chake. Kwaruza na kisu sehemu ya chini isiyoonekana, rangi ikitoka kama ganda la yai basi usijidanganye na kiraka, ivue yote.

Kuna jamaa yangu alichoka na Königsberg yake, rangi ya kijivu ilimshinda mara tatu. Nikamwambia asihangaike, aiweke Rufiji. Wajerumani wenyewe walipojificha kwenye delta baada ya kuizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 waliifunika meli kwa matawi ya miti isionekane. Akatengeneza mikoko ya waya na nyuzi za makumbi ya nazi, akafunika kila penye aibu, na mpaka leo ndo modeli yake inayosifiwa kuliko zote. Sijui nilie au nicheke.

UZI UNALEGEA, TANGA LIMEKAA KAMA SHUKA

Uzi wa pamba ukilowa unafupika, ukikauka unarefuka. Ukiufunga siku kavu, masika utakaza mpaka uinamishe mlingoti, ukiufunga masika, kiangazi unaning'inia kama kamba ya nguo. Kwa hiyo kabla ya kuukaza tena jiulize uliufunga lini. Tumia uzi wa polista, upitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili, hiyo inazuia unyevu na inalaza manyoya. Kwenye meli za chuma kama Königsberg tumia ule uzi unaovutika, hata ukiugusa na kidole kwa bahati mbaya unarudi.

Jahazi kamba zake ni chache, henza (ya kupandishia tanga), demani (ya kulivutia tanga) na chache nyingine, kwa hiyo kosa halina pa kujificha. Mtu ananiletea jahazi anasema tanga linakaa vibaya nimebadilisha kitambaa mara tatu. Sitazami kitambaa. Natazama mlingoti, na kweli ameusimamisha wima kama mlingoti wa bendera ya shule. Mlingoti wa jahazi unainamia mbele. Ukiusimamisha, foromali (mti mrefu unaobeba tanga) inakuja nyuma, pembe ya chini ya mbele inavutwa isikotakiwa na tanga linakunjamana hata ukiweka hariri. Rekebisha mlingoti, tanga litajinyoosha lenyewe.

Foromali nayo watu wanaweka kijiti kimoja cha duara unene uleule. Ya ukweli kwenye majahazi makubwa ni miti zaidi ya mmoja iliyofungwa pamoja kwa kamba, nene katikati nyembamba kwenye ncha. Na kitambaa, matanga halisi ni ya maradufu, kitambaa kizito, lakini ukipunguza kwa skeli ya 1/30 inabidi utafute chepesi kuliko unavyodhani, shati la zamani la pamba lililofuliwa mpaka limechoka, lichovye kwenye chai ya rangi. Pindo usishone, bandika na gundi nyeupe iliyozimuliwa, nyuzi za cherehani kwenye skeli hiyo zinaonekana kama kamba za nanga.

INAELEA VIBAYA

Hii ni kwa wanaoweka mota na rimoti. Inalala upande mmoja na kukaa hapohapo: uzito haupo katikati, sogeza betri. Inalala upande huu ukiigusa inalala upande ule: iko nzito juu, hapo kusogeza betri pembeni hakusaidii, shusha uzito chini na punguza vya juu.

Inakaa juu sana au imezama sana: piga hesabu, usibahatishe. Uzito wa meli halisi unaugawa kwa namba ya skeli, unarudia, unarudia tena mara ya tatu, yaani kwa 1/100 unagawa kwa milioni moja. Severn ilikuwa na uzito wa tani 1,260 hivi, modeli yake ya 1/100 inatakiwa iwe kama kilo moja na robo, kila kitu ndani yake, mota, betri, rangi. Na huo ni urefu wa sentimita 81 na upana wa 15, huku ndani ya maji inazama milimita 17 tu! Ilijengwa Uingereza kwa ajili ya Brazili, kazi ya mitoni, ndo maana iliweza kupanda Rufiji wakati manowari nyingine za Waingereza zimebaki nje zinatazama. Kwa hiyo anayejenga Severn ya kuelea asianze na betri nzito, bodi ya plastiki nyembamba, betri ndogo, na mizinga ile miwili mikubwa ya inchi 6 iwe mitupu ndani. Mara nyingi ukiona modeli ya Severn inaelea vizuri ujue mwenyewe kaongeza kina cha bodi kimya kimya.

Inaingiza maji na huoni tundu: ni kwenye tyubu ya shafti, karibu kila mara. Jaza grisi. Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba, ilitengenezwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja Dar kwa meli na Kigoma kwa treni, ikaingia ziwani 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walipoona wanazidiwa wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, lakini mafundi walipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza wakaitoa 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini. Injini zilipona chini ya maji kwa sababu ya grisi, na wewe unashindwa kuweka kijiko kimoja kwenye tyubu ya sentimita 15.

Nikiwa hapohapo Liemba, dalili nyingine ninayokutana nayo ni mtu kulalamika kwamba vipande havikubaliani, madirisha hayaangukii panapotakiwa. Sio wewe, ni picha. Ramani umechukua ya Götzen ya 1915 yenye injini ya mvuke na picha umepiga Kigoma juzi, hapo katikati meli imefunguliwa na kujengwa juu upya na ikawekewa injini za dizeli. Chagua mwaka mmoja uandike kwenye karatasi ubandike ukutani.

UNGA

Ukiona unga nakuuliza wa rangi gani na uko wapi.

Mweupe, umeota juu ya nanga, mizinga midogo au vipande vingine vizito vya kijivu, na modeli iko ndani ya kabati la kioo lililofungwa vizuri kabisa: hiyo ni risasi inaliwa. Mbao za kabati, hasa zile za kushindiliwa, na silikoni inayonuka siki zinatoa mvuke wa asidi, ukiufungia na risasi humo ndani unapata huo unga, mwisho kipande kinakuwa chokaa tupu. Usiupulize kwa mdomo wala kuugusa kisha ukala, ni sumu. Toa vipande hivyo weka vya shaba au resini, na kabati litoboe matundu madogo nyuma lipumue.

Wa rangi ya mbao, kakilima kadogo chini ya stendi, unafuta asubuhi kesho kapo tena, na kuna vitundu kama vya pini: dumuzi, mdudu anayekula mbao. Hapa dawa ya kupuliza haisaidii sana maana yeye yuko ndani. Njia inayotumika na haiharibu rangi ni baridi. Funga modeli kwenye mifuko miwili ya nailoni, kamua hewa, weka kwenye friza ya digrii 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, ukiitoa usifungue mfuko mpaka siku ya pili isije ikalowa jasho. Jahazi langu la Tanga lile la shati la baba yake liko humo sasa hivi, siku ya tisa leo, limelala juu ya changu na pweza, foromali nimeifungua maana mfuniko ulikuwa haufungi, na mama watoto ameshauliza mara mbili kwamba hao wadudu watakufa lini maana Ijumaa analeta kuku.